Matrekta Mawili na Chumvi ya Wazungu

Jumatatu, 4 Oktoba 1976

Yamefika! Matrekta mawili, madogo, mekundu, juu ya lori la mkoa. Msaada wa marafiki wa nchi za baridi. Kijiji kichague moja. Lisilochaguliwa linakwenda kijiji cha jirani Jumapili.

Kila moja lina sepeto la chuma mbele, pana kama mlango, na gunia la minyororo. Plau hakuna. Wazee wakaguna. Trekta bila plau la nini? Ndipo nikafungua kitabu cha picha kilichokuja nayo. Mzungu amekaa juu ya trekta, kavaa makoti kama matatu, anasukuma kitu cheupe mbele ya nyumba yake. Lundo limefika dirishani.

Mimi ndiye niliyepaza sauti kwanza. Chumvi!

Kijiji kizima kikaafiki. Sisi tumezaliwa kwenye majaruba ya chumvi, yale ya kukaushia maji ya bahari, hatuwezi kudanganywa chumvi ikoje. Mwenyekiti, Mzee Selemani, akasema Mungu ana wake, wenzetu wanayo mpaka mlangoni. Shemeji Issa, kaka yake mke wangu, akauliza makoti ya nini. Nikamwambia chumvi inawasha. Moja bila.

Atahitajika dereva mmoja. Nimeshajiona.

Tena si kwa ajili yangu peke yangu. Mikono ya mke wangu Somoe imechanika kwa maji ya chumvi. Kila jioni anaipaka mafuta ya nazi, anang'ata ukingo wa kanga. Mwaka jana nilimwapia kwamba msimu huu hatashika reki ya kukwangulia chumvi. Ameishika. Sipendi kuitazama ile mikono.

Jumanne, 5 Oktoba

Fundi Shamshudin aliyekuja na lori ametueleza tofauti. Moja lina gia: ukanyage klachi, uvute mkono wa gia, uachie klachi polepole, na ukikosea linazima. La pili halina gia. Ndani mna mafuta yanayosukuma magurudumu. Ukikanyaga pedeli mbele linakwenda, ukikanyaga nyuma linarudi, ukitoa mguu linasimama. Fundi akasema hata bibi yake Aminabai angeliendesha, na bibi yake haoni.

Watu wakafurahi. Mimi nikaingiwa na baridi. Kama hata bibi wa fundi anaweza, dereva wa nini? Leo mimi, kesho Issa, keshokutwa kila mwenye mguu! La gia je? Lile ni elimu. Mwenye elimu hang'olewi kwenye kiti chake.

Nikawakumbusha kwamba nilikuwa kwenye matrekta ya Nachingwea, wakati wa mradi wa karanga. Si uongo. Nilikuwa kwenye tela, nimeshika madebe ya maji, misimu miwili. Issa akasema anakumbuka sana lile tela. Shemeji huyu hasahau la mtu.

Kabla ya kuondoka fundi alinivuta kando. Eti ile kwenye picha si chumvi, ni theluji, maji yaliyoganda, yanaanguka kutoka mbinguni. Nikamcheka kwa adabu. Nani atanunua trekta asukume maji? Atarudi Jumamosi, tutakapochagua.

Jumatano, 6 Oktoba

Kampeni imeanza. Asubuhi nimepita nyumba za huku, jioni za kule. Nimesema trekta la kukanyaga linakunywa mafuta kuliko lori. Nimesema ukipiga chafya mguu ukishtuka, umefika Mikindani kinyumenyume. Bibi mmoja akaomba Mungu amwepushe. Kura moja.

Somoe ndiye kiongozi wa kikundi cha chumvi. Aliniuliza swali moja tu wakati wa kula. Je, hilo trekta litaingia ndani ya jaruba? Nikasema ndiyo, litakwangulia wapi tena? Akasema, Baba Rehema, jarubani haingii mtu na viatu. Ile sakafu ya udongo tunaishindilia kwa miguu mitupu wiki nzima ndipo tufungulie maji ya bahari. Ikitoboka, chumvi inaota na tope.

Nikamjibu kwamba tairi si kiatu.

Akaendelea kula. Mama Rehema akinyamaza maana yake nimeshinda. Au nimeshindwa. Miaka yote hii sijajua kutofautisha.

Ijumaa, 8 Oktoba

Jambo dogo limenijia wakati wa hotuba msikitini. La gia sijawahi kuliendesha.

Baada ya sala nimejifunza nyuma ya nyumba. Kiti, kinu. Gia, mchi ndani ya kinu cha pili. Klachi na breki, mifuniko ya sufuria. Kanyaga, vuta, achia. Kanyaga, vuta, achia! Nilikwenda vizuri sana. Mlio niliutoa mwenyewe, kwa mdomo. Nilipofumbua macho Issa alikuwa ameegemea ua. Akauliza kama tumeshapita Lindi, maana ana mzigo.

Nimefanya jingine la maana. Nimechunguza ile picha na kugundua kazi ya minyororo. Issa anasema ni ya kulifungia trekta wezi wasiibe. Mjinga! Inavishwa magurudumuni. Nimelivisha la gia mwenyewe, nimechubuka vidole viwili. Kesho chumvi itanitambua.

Jumamosi, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Watu wote walikuwepo. Fundi kaja. Jaruba lililochaguliwa kwa majaribio ni la kwanza, lile zuri kuliko yote, alilolishindilia Somoe na wenzake. Chumvi ilikuwa imekomaa, nyeupe, inaumiza macho. Nikapanda la gia. Mwenyekiti akasoma dua. Nikaachia klachi. Likaruka, likazima. Nikaachia tena. Likaruka, likazima. Kofia yangu ikaanguka. Issa akaniokotea, akaisifu.

Mara ya tatu likaenda! Wallahi likaenda! Chumvi ikajikunja mbele ya sepeto kama inavyojikunja kwenye picha. Vigelegele! Mwenyekiti anapiga makofi! Nilimtafuta Somoe kwa macho, aone. Muda ule nilikuwa mtu.

Halafu vigelegele vikakatika. Nikageuka nyuma.

Minyororo ilikuwa imechimba. Mistari miwili ya tope, kutoka tuta hadi nilipo, maji meusi yanatoka chini. Sakafu nzima imefumuka. Chumvi imekuwa rangi ya chai. Nikasema nirudi nyuma nipunguze hasara. Nikavuta gia ya rivasi. Haikuwa ya rivasi. Likachupa mbele, likapanda tuta, likashuka upande wa pili, likatia pua kwenye tope la mikoko na mimi juu yake.

Somoe aliinama akachota chumvi ile ya chai kwa mkono wake uliochanika. Akaitazama. Akaiachia ianguke. Hakunigombeza. Bora angenigombeza mbele ya watu wote, na Issa akisikiliza. Niliona aibu, na ninaiandika hivyo hivyo.

Kulitoa trekta ilibidi wanaume wote waingie topeni kusukuma. Fundi akasema livutwe kwa lile la kukanyaga, kutoka nchi kavu, kwa minyororo ya gunia la pili. Nani aendeshe? Wanaume wote, hata fundi, tuko kwenye tope mpaka kiunoni. Somoe akavua kandambili, akaziweka pembeni, akapanda. Akakanyaga mbele, pole pole. Likavuta. Akaachia kidogo, akakanyaga tena. Miguu ile imeshindilia sakafu tangu usichana, inajua uzito wake. La gia likatoka. Mimi kiatu changu kimebaki humo.

Jumapili, 10 Oktoba

Halmashauri imekaa. Limechaguliwa la kukanyaga. Halitaingia jarubani kamwe, na minyororo imefungiwa ghalani ili wezi wasiibe. Issa alihakikisha maneno hayo yanasomwa mara mbili. Trekta litapita nje, juu ya nchi ngumu, likisukuma chumvi kutoka tutani hadi ghalani, ile iliyokuwa ikibebwa kwa vikapu kichwani.

Dereva ni Somoe binti Bakari.

Dereva hakwangui. Kwa hiyo kikundi kimepungukiwa mtu mmoja, na jaruba la kwanza linatakiwa kushindiliwa upya kabla ya mvua. Mwenyekiti akauliza nani atajaza nafasi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Hakuna aliyehitaji kunyanyua. Wote waligeuka wakanitazama.

La gia limeondoka na lori saa nane. Nililisindikiza mpaka njia panda.

Alhamisi, 14 Oktoba

Siku ya nne ya kushindilia. Wanawake kumi na mimi. Tunakwenda safu moja, mikono mabegani, wanaimba. Wimbo wenyewe unanihusu. Una beti nyingi. Somoe anapita juu na trekta lake, anapiga honi. Mchana nimekwangua jaruba la pili. Viganja vyangu vyote viwili vimechanika. Sikujua kama maji ya chumvi yanachoma namna ile. Miaka yote hii sikujua.

Jioni Somoe alileta mafuta ya nazi. Nikadhani ni ya mikono yake. Alikuwa anatafuta yangu. Ya kwake inapona, imeanza kufunga. Basi kiapo changu kimetimia, hashiki reki tena. Amenipaka taratibu, na mimi nimeng'ata ukingo wa shuka. Nimefurahi, sitaki kudanganya.

Sasa la maana. Nimepata nafasi ya kusoma tena kile kitabu. Ukurasa wa nyuma kuna chombo kingine! Kinafungwa mbele ya trekta, kina bomba limeinuka juu, kinanyonya chumvi na kuirusha hewani hadi ng'ambo ya ua. Trekta linasimama nchi kavu, chumvi inaruka yenyewe kutoka jarubani! Hakuna tairi ndani. Hakuna sakafu kutoboka. Somoe mwenyewe hawezi kupinga. Na nimesikia kijiji cha jirani hawana dereva wa la gia, limekaa tu chini ya banda la makuti. Kesho baada ya kushindilia nitawafuata. Nitawaambia habari za Nachingwea. Nitachukua vinu viwili vya mazoezi, na mifuniko.

Somoe ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia naandika makosa yangu. Amefurahi sana, akaniongezea mafuta kwenye koroboi.