Samaki wa Mchumba Waliopauka

Leo nimefedheheka mbele ya samaki wawili. Ndugu zangu wa Liuli, huko ziwani, kabla habari hii haijawafikia kwa mdomo wa mwingine, isikieni kwangu. Mimi ninasema, mjukuu wangu Imelda anaandika kwenye simu, kwa kuwa darasa sikuliona. (Nimemwambia aandike nilichosema, asipambe. Tayari anacheka. Imelda, andika na hilo.)

Mnajua kwamba nilipanda huku Mbinga kwa mwanangu kwa jambo moja tu. Jioni ya leo wazee wa kijana aitwaye Gaudensi walikuwa waje kuleta posa ya Imelda, na mwanangu alikwisha kutamka kwamba jibu litatoka kinywani mwangu. Gaudensi ni Mmatengo wa Kitura. Kwao ni kahawa na mahindi. Lakini yeye ana duka sokoni hapa mjini, na anachouza ni samaki. Si wa kula. Wa kutazama!

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza. Mtu wa milimani, samaki amewajulia wapi?

Jana alituletea zawadi: sanduku la kioo lenye maji, mawe meusi na samaki wawili. Mmoja bluu kama sweta la shule, mwenzake njano kama ndizi iliyoiva. Akasema, "Shikamoo Bibi. Hawa ni mbuna, wametoka ziwani kwenu."

Mbuna! Mimi nimenunua samaki ufukweni tangu sijaolewa. Mbuna ninawajua. Ni samaki wa miambani, huja chini kabisa ya kapu, wamekufa, wana rangi ya sufuria kuukuu. Nikaitikia marahaba, lakini ya mdomoni tu.

Alipoondoka nilifanya kazi yangu. Niliyatoa mawe yote, kwa maana anayeweka mawe ana anachokifunika. (Hapakuwa na kitu. Moja nililitumia kuzuia mlango usijifunge.) Kisha nikatandika kitambaa cheupe chini ya kioo, ili rangi ikichuruzika niione.

Leo asubuhi nimewakuta wamepauka. Yule wa bluu amekuwa majivu. Yule wa njano amekuwa kama ugali uliolala.

"Imelda! Njoo uone mchumba wako alichotufanyia!"

"Bibi, pengine wamechoka na safari."

"Safari ya kutoka sokoni hadi hapa? Mimi nimetoka Liuli, nimepanda milima yote ile, mbona sijapauka?"

(Sasa ananiambia kwamba nilikuwa nimepauka. Nimemwambia asiandike hilo. Ameandika.)

Nikavuta kigoda, nikaketi mbele ya kioo, pua ikikaribia kukigusa. Samaki aliyepoteza rangi ni samaki wa jana. Hilo kila mnunuzi wa ufukweni analijua. Wala huulizi muuzaji, unafunua shavu, unatazama matamvu. Basi nikamchota yule wa majivu kwa chujio la chai, nikamfunua shavu kwa ukucha. Matamvu mekundu! Samaki mbichi kabisa! Nikamfuta kwa leso yangu ya kanisani. Leso ikabaki nyeupe. Nikamrudisha, nikayaonja maji. Hayakuwa na ladha ya rangi. Yalikuwa na ladha ya samaki. Nikazidi kushuku, kwa kuwa tapeli asiyeacha alama ndiye tapeli hodari.

Na kadiri nilivyowakazia macho, ndivyo walivyofifia.

"Anayepaka samaki rangi ataipaka na ndoa," nikamwambia Imelda. "Posa hakuna."

"Bibi, kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya uongo."

Imelda alikaa kizingitini akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Niliona machozi. Sikugeuka. Nilifunga kilemba changu cheupe, nikawatia watuhumiwa ndooni, nikashika njia ya sokoni.

Gaudensi aliniona kwa mbali. "Shikamoo Bibi!"

Sikuitikia. Mnajua uzito wa jambo hilo. Kijana ameamkia, watu wamesikia, nami nimemwacha na shikamoo yake mdomoni. Mzee Salumu, mwenye duka la vitenge jirani, aliacha kupima kitambaa.

"Ulileta bluu na njano," nikasema kwa sauti ile ya kuuzia usipa, dagaa wetu wa ziwani, "nimekurudishia majivu na ugali. Watu wote shuhudieni!"

Wakashuhudia. Watu wa Mbinga wakiitwa kushuhudia hawachelewi.

Gaudensi alichungulia ndooni. "Bibi, mawe yako wapi?"

"Niliyatoa."

"Chini kuna nini?"

"Kitambaa cheupe."

"Na nani alikuwa karibu nao?"

"Mimi! Tangu nimeamka sijabanduka."

Akainamisha kichwa. Nikadhani ni aibu. (Ilikuwa ni kujizuia asicheke.)

"Bibi," akasema taratibu, "samaki hawa wakihamishwa huingiwa na hofu. Mwenye hofu asiye na pango la kujificha huipunguza rangi yake ili asionekane. Na palipo peupe, naye hujifanya mweupe. Hawajapakwa. Wamefanya kama mgeni anayenyamaza ugenini."

"Hayo ni maneno ya muuzaji."

Akawatia kwenye kioo kikubwa chenye mawe meusi, akaniomba nisogee kando. Nikakataa. Nikisogea ndipo atakapowabadilisha! Nikabaki nimekodoa. Majivu yakabaki majivu. Moyoni nikaanza kushangilia.

Ndipo Mzee Salumu akasema, "Bi mkubwa, simama hapa kwangu nyuma ya vitenge. Samaki nitawalinda mimi, na umma huu utakuwa shahidi."

Nikakubali shingo upande, nikajificha, nikachungulia katikati ya doti mbili. Punde yule wa majivu akatoka chini ya jiwe. Mgongo ukaanza kuiva. Ukaiva. Akawa bluu!

Nikatoka kwa kishindo nimkamate Gaudensi mkono ukiwa majini. Mikono yake ilikuwa mfukoni. Nami nilipofika kiooni, samaki akafifia mbele ya macho yangu.

Nikarudi nyuma ya vitenge. Bluu. Nikatoka. Majivu. Nikarudi tena. Umma ukaanza kunielekeza kama dereva anayeegesha lori: "Rudi, Bibi, rudi! Bado! Hapohapo! Bluu!"

Muuza ndizi mmoja akapaza sauti, "Bibi, ukimaliza hapo uje kwangu umtazame mume wangu! Amezidi kung'ara!"

"Tatizo ni hicho kilemba," akasema Mzee Salumu. "Kichwa cheupe, macho hayapepesi. Samaki wameona furukombe!"

Nyinyi wa ziwani furukombe mnamjua, yule ndege mwenye kichwa cheupe anayetuwahi samaki wetu. Gaudensi, kwa adabu yake, alimwomba mzee anyamaze. Lakini hakusema kwamba si kweli.

Niliondoka bila ndoo.

Jioni wazee walikuja. Mshenga alikuwa akiuma midomo. Nikajua habari imemfikia. Gaudensi aliketi karibu na mlango. Mwanangu akaniuliza jibu. Nikainua macho nimtazame kijana mara ya mwisho, kwa mazoea tu. Mabega yakamshuka. Uso ukamsawijika. Akafumbua kinywa, sauti isitoke.

Imelda akanong'ona nyuma yangu, "Bibi, geuka."

Nikageuza kiti, nikauelekeza uso ukutani. Hapo kijana akapata sauti.

"Shikamoo Bibi."

Ilikuwa ni ileile ya asubuhi niliyomwacha nayo mdomoni.

"Marahaba, mume wangu," nikauambia ukuta, kama bibi anavyomwita mume wa mjukuu wake. Vigelegele vikapigwa. Ndivyo posa ya Imelda ilivyopokewa, mimi nikiwa nimewapa wakwe kisogo.

Gaudensi amewarudisha samaki, mawe yamerudi kiooni, na mlango sasa unajifunga wenyewe. Samaki ni bluu na njano. Ninaambiwa hivyo, kwa kuwa mimi nimepangiwa kukaa jikoni.

Mmesikia yote. Atakayecheka, nitamtazama.