Piramidi ya Mzee Athanasi

Watu wengine huenda msibani kulia; Ildefonsi alikwenda kutafuta wa kumliza. Siku hiyo, makaburini mtaa wa Lizaboni, alimwona Mzee Athanasi akipapasa kaburi la jirani yake lililopambwa kwa vigae, huku akinung'unika, "Hili? Langu litalizidi mbali!"

Ildefonsi akameza mate. Papai limeiva lenyewe, kazi yake ni kukinga kapu tu.

Kesho yake, hodi.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba." Mkewe Mzee, Bibi Notburga, alikuwa akipukuchua mahindi. Kando yake ng'ombe wao wa pekee wa maziwa alicheua, masikini, asijue kwamba ameshapigiwa hesabu.

"Babu, vigae waachie watu wa kawaida. Wewe unastahili piramidi."

"Kama za Misri?"

"Misri tena! Wanubi, babu! Watu weusi kama sisi, kule Sudani, kando ya mto Naili. Wafalme na malkia wa Kushi. Piramidi zao ni nyingi kuliko za Misri, nyembamba, zimechongoka kama mkuki."

Hapo hakudanganya. Mwongo hodari hupika kwa unga wa kweli, uongo huutia kama chumvi.

"Tofali naleta mwenyewe, kwa mfuko wangu. Nikishazishusha, unanipa huyu ng'ombe, basi. Kujenga ni juu yangu." Chumvi ilikuwa hiyo ya mwisho.

Macho ya Mzee yakang'aa. Mkono wa Bibi Notburga ukasimama juu ya gunzi. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa sabuni na mafuta ya taa ya nyumba ile.

"Na wafalme hao walizikwaje, mjukuu wangu?" akauliza kwa upole.

Ulimi wa Ildefonsi ulizoea kumtangulia mwenyewe. "Wa kule Kerma, mji wao wa kale, bibi, mfalme alilazwa juu ya kitanda. Na watumishi wake wapenzi wakazikwa naye!"

"Wakiwa hai?"

"Hai kabisa! Tena wakicheka!"

"Eti eeh," akasema Bibi, akarudia mahindi yake.

Jumamosi lori likamwaga tofali. Ildefonsi akaja na kamba ya kumfungia ng'ombe. Akamkuta Mzee uani, chali juu ya kitanda cha kamba, macho kayafumba, akihema kwa tabu. Kando yake mpwa wao Amedeus, mikono kama mihimili, alikuwa akichimba shimo lililomfika kiunoni.

"Bibi, kulikoni?"

"Babu yako kakataa ugali tangu jana. Anakusubiri wewe tu."

"Mimi? Na hilo shimo mbona pana hivyo?"

"La wawili. Katafuta mtumishi mpenzi, mjukuu wangu, kaona nani ampendaye kama wewe, uliyemletea tofali kwa mfuko wako?"

Amedeus akapanda juu, akajifuta jasho. "Kaka, wewe upande wa miguuni. Anza kucheka."

Ildefonsi aliruka ua wa matete, kiatu kimoja kikabaki. Tofali hakuzirudia, nani arudi kudai kaburini?

Mzee akafumbua jicho moja. "Kaenda?"

"Kaenda."

"Basi lete ugali, sasa ndiyo nakufa kweli. Halafu piramidi yangu ianze!"

"Itaanza, mume wangu."

Nayo ikasimama, imechongoka kama mkuki, ila ina kimlango chini. Mzee huionyesha kwa wageni kwa maringo, na Bibi Notburga hutega: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kaburi la mfalme, likisikia ndoo linapiga kelele."

Mgeni hukuna kichwa. Kabla hajatoa mji, Bibi hugonga ndoo ya pumba, na mle ndani ya piramidi nguruwe jike na wanawe hujibu wenyewe.