Mshale Uliokataa Kupanda

Jumatatu, tarehe 6

Mama mkwe mtukufu, uliyelala chumba cha pili. Mke wangu mpenzi, uliyenipa mgongo. Shemeji yangu, bibi harusi mtarajiwa. Na wewe pikipiki, uliyeegeshwa sebuleni kwa hofu ya mvua: nawasalimu kwa heshima zote. Hivyo ndivyo nitakavyoianza hotuba yangu kwa wazazi wa bwana harusi, wahusika wakibadilishwa. Pikipiki itaondolewa.

Tatizo ni moja. Sijachaguliwa. Jumapili mama mkwe atamtaja mkwe atakayempakia kwenye pikipiki kwenda kwa wazazi hao, kuongoza ujumbe wetu na kusema kwa niaba ya familia. Tupo wawili. Mimi, mwenye ufasaha. Na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, mwenye sauti tu. Leo mezani, mbele ya wote, kasema pikipiki yangu ikipanda mlima huchemka kama sufuria ya maharage, na kwamba mama atafikishwa ameiva. Wakacheka. Mama mkwe alijifunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti.

Muungwana hujibu kwa ushahidi.

Jumanne, tarehe 7

Nimenunua ushahidi. Kipimo cha joto la oili: uso wa kioo, mshale mwekundu, waya mmoja, na kihisi cha shaba kinachokaa mahali pa bolti ya kumwagia oili, chini ya injini. Sasa kila mwenye macho ataona. Muuzaji aliniuliza nani atanifungia. Nilimtazama mpaka akaanza kupanga bidhaa zake upya.

Mke wangu alinishikia spana. Akauliza mbona sisomi karatasi ya maelekezo. Nikamfafanulia, kwa upole, kwamba maelekezo huandikiwa watu wasio na elimu. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Oili niliikinga kwa beseni la kwanza kuonekana. Kumbe ni la mama mkwe, la kuoshea miguu. Nililitambua hilo aliposimama mlangoni na taulo begani. Nikaruka kwa heshima, nikatua ndani ya beseni. Nusu ya oili sakafuni, na kiatu changu cha mikutano kimekwisha. Mama mkwe alisema hakuna neno, kwa sauti yenye maneno mengi. Iliyobaki niliirudisha kwenye injini. Injini ikizoea shibe hudeka.

Jumatano, tarehe 8

Kihisi kinavuja. Tone, tone, tone, kwenye zulia. Nimezizungushia hesi zake, ile mikato ya kukazia, utepe mweupe wa mafundi bomba, duru juu ya duru, mpaka kikafanana na kidole kilichofungwa bandeji. Hakivuji tena. Mke wangu aliingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akaenda kuanua nguo.

Ijumaa, tarehe 10

Ushindi mtupu! Nimeuzunguka mtaa wote na mshale haukutikisika. Umelala palepale kwenye baridi, kama mtoto aliyeshiba. Nimemwita mwanyumba ajionee. Kainama. Kagonga kioo kwa ukucha. Kauliza kama injini niliiwasha.

“Mwanyumba,” akaniambia, “hata mtungi wa maji una joto kuliko hicho.”

Nikamjibu kwamba huo ndio ubora wenyewe. Aliondoka akitikisa kichwa, nadhani kwa majuto.

Mama mkwe amekubali nimpeleke kesho kwa mshonaji, ng'ambo ya mlima. Kwa maneno mengine, mtihani. Kwa maneno mengine tena, nimechaguliwa.

Jumamosi, tarehe 11

Tulianza vizuri. Nilimwomba mama aangalie mshale kupitia bega langu, akaangalia. Katikati ya mlima akaanza kuhamisha mguu wake. Akauhamisha tena. Kisha akaniinamia sikioni.

“Mkwe wangu, kipimo chako kinasema baridi, na mguu wangu unasema moto. Nimwamini nani?”

Nikamwambia sayansi, mama. Nilikuwa na hoja tatu. Nikiwa katika ya pili, injini ikakohoa, ikafuka moshi, ikazima. Mshale: baridi. Nilimwonyesha. Hakutaka kuona. Alikuwa kando ya barabara, akijipulizia mguu.

Na nani akatokea? Mwanyumba, eti naye ana shida kwa mshonaji. Hakucheka. Afadhali angecheka. Alimpakia mama polepole, kama anayebeba mayai, wakaondoka. Nami nikasukuma.

Nyumbani, mke wangu akaitoa karatasi mfukoni na kusoma kwa sauti ya mtangazaji. Kihisi lazima kiguse chuma cha injini. Kikizungushiwa utepe, mshale hautapanda kamwe. Tena: oili ijazwe hadi alama. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akasema aliogopa nisije nikamwona hana elimu.

Jumapili, tarehe 12

Katajwa mwanyumba. Wote wakaafiki, bila mjadala. Mama mkwe hakunisahau: nitabeba zawadi, nikifuata nyuma kwa miguu. Pikipiki imelala sebuleni, inanuka. Hotuba ninayo yote kichwani na haina pa kwenda.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwa pikipiki.

Hivyo basi, mama mkwe mtukufu, mke wangu, shemeji, nawe mwanyumba uliyepewa dhamana: usalama wa mama sasa uko juu ya chombo kisicho na kipimo chochote. Hilo familia haiwezi kulifumbia macho. Naazimia, nanyi mtatekeleza, kwamba kipimo changu kihamishiwe kwenye pikipiki ya mwanyumba kabla ya safari, na kwamba nikifunge mwenyewe. Mwanyumba alete pikipiki. Mke wangu alete beseni, na ile karatasi aiache mfukoni.

Utepe ninao wa kutosha.