Mahitaji ya Mkurugenzi wa Baridi

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini walitangaziwa kwamba baridi, ambayo tangu enzi za mababu imekuwa ikipiga watu kiholela, bila kibali wala mpangilio, sasa itapiga kwa mfumo.

Tangazo hilo la Mamlaka ya Kuratibu Baridi lilisomwa kwa kipaza sauti juu ya gari lililozunguka Iringa mjini asubuhi moja ya mwezi wa tano. Msomaji alikuwa anatetemeka mpaka neno "mfumo" likawa linatoka vipande vipande. Aliyeliandika hakutetemeka. Aliyeliandika alikuwa ofisini, kawasha hita, na jina lake ni Ndugu Sosthenes, Kaimu Mkurugenzi.

Sosthenes alikuwa mtu mkubwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hilo neno Kaimu. Mkurugenzi wa kwanza alipohamishwa, yeye aliambiwa, "Kalia kidogo hicho kiti, tunaleta mtu." Kiti kikachakaa, kikatupwa, kikanunuliwa kingine, yeye bado anakaimu. Kanisani mke wake Anjela alishazoeleka kama Mama Kaimu, na wanakwaya wenzake hawakuwa na ubaya wowote, ndiyo jina walilolikuta. Ukweni ndiyo usiseme. Wageni wakija, baba mkwe anawaambia, "Na huyu hapa ni kaimu mkwe wetu."

Kwa hiyo mwenzetu hakutaka mengi duniani. Alitaka athibitishwe. Aitwe Mkurugenzi, neno zima, lisitanguliwe na kitu. Na alishapiga hesabu zake akaona mfumo wa kompyuta ndiyo ngazi. Mtu mwenye mfumo wake, tena unaowaka taa, utamwachaje anakaimu?

Akaletwa mtaalamu kutoka Mbeya, binti wa Kinyakyusa anaitwa Tumpe, mchambuzi wa mifumo. Alikuja na laptopu, koti zito na maswali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mfumo utakuwa tayari lini?"

"Kwanza tukusanye mahitaji, mzee. Tunawafuata watu watakaoutumia, tunawauliza wanataka nini."

Sosthenes akavua miwani. "Unawauliza wao?"

"Ndiyo."

"Wanataka nini?"

"Ndiyo mzee."

"Binti yangu, wewe bado mgeni kwenye utumishi. Mtu ukimuuliza anachotaka, atakisema."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri! Akishasema utafanyaje? Maana hapo umeshasikia."

Ila mwongozo ulidai wadau, na Sosthenes hakuwa mtu wa kupishana na mwongozo. Kikao cha wadau kikaitishwa ukumbini. Kuanzia asubuhi mpaka pilau linaiva walikuwa kwenye utambulisho. Meza kuu ilijitambulisha, ikatambulishwa, halafu yenyewe ikatambua uwepo wa waliokwisha kutambulishwa. Mzee mmoja wa Ruaha Mbuyuni, mkulima wa vitunguu, alitambulishwa mara mbili kwa sababu alihama kiti. Baada ya kula ikabaki nafasi ya mdau mmoja tu kuchangia, akasimama Bibi Marta wa Kilolo, mama mtu mzima, sweta lake limetoboka viwiko vyote viwili.

"Kamwene," akasalimia.

"Kamwene!" ukumbi ukaitikia.

"Mimi nataka blanketi."

Akakaa. Watu wakapiga makofi mpaka mapazia yakacheza. Sosthenes akamshukuru kwa mchango wake mpana wenye tija, kisha akamwinamia Tumpe. "Andika: mdau ana kiu ya kushirikishwa."

"Mzee, kasema blanketi."

"Kasema kwa mdomo. Sisi tunachambua. Unafikiri kwa nini unaitwa mchambuzi?"

"Lakini mablanketi si yapo? Nimeyaona ghalani Nyololo, marobota mpaka darini."

"Yapo. Yanasubiri mfumo."

"Na mfumo?"

"Unasubiri mahitaji."

"Na mahitaji si ndiyo hayo, blanketi?"

"Binti, kunywa soda."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hivyo, hadi siku Philbert, dereva wa ofisi, alipozima gari nje ya lango na kuanza kufuta usukani. Philbert akifuta usukani ujue ana jambo.

"Bosi," alisema mwishowe, "wamepata mtu."

"Mtu gani?"

"Mkurugenzi. Wa Dar. Mkurugenzi mzima, siyo nusu."

"Nani kakwambia?"

"Dereva mwenzangu wa Dodoma. Bosi, sisi madereva tunajua kabla hata ya huyo anayeteua."

Sosthenes alipanda ngazi za ofisi kama mtu anayeshuka. Siku hiyo hakuwasha hita. Andazi lake lilikaa kwenye sahani mpaka nzi wakaligombania. Mtu wa Dar! Mtu ambaye baridi anaijua ya kwenye friji! Huyo ndiye akalie kiti, aitwe neno zima, na yeye Sosthenes arudi meza ya pembeni kule ambako kikombe cha chai kinafika kimepoa?

Akalia kidogo. Kidogo tu, kwa kadiri ya cheo. Halafu akapata wazo, akamwita Tumpe.

"Ule ukurasa unaosema kila mtumiaji wa mfumo afanye nini, umeufunga?"

"Bado mzee. Pamebaki pa Mkurugenzi na pa Kaimu wake."

"Andika. Mkurugenzi atalala ghalani Nyololo msimu wote wa baridi."

Vidole vya Tumpe vikasimama. "Kila hitaji lazima liwe na sababu, mzee."

"Takwimu. Baridi hupimwa kwa mwili wa kiongozi. Ongeza hapo: atalala bila blanketi, asije akaharibu kipimo."

"Sawa."

"Ataoga alfajiri. Maji yasionyeshwe moto."

"Takwimu?"

"Umeanza kuielewa kazi. Ghala lifunguke kwa kidole chake tu, na kidole kikishasomwa, asiruhusiwe kuvuka geti. Akivuka, king'ora kilie."

"Yaani kama mbuzi aliyefungwa?"

"Kama kiongozi anayewajibika."

Tumpe akaandika. Yeye alifundishwa chuoni kwamba mchambuzi haruhusiwi kucheka hitaji la mteja, kwa hiyo alicheka kwa mabega. "Na Kaimu?"

Hapo sura ya Sosthenes ikalainika kama ugali wa moto. "Kaimu atakaa na gari. Atahudhuria semina zote, hasa za sehemu za joto. Na Kaimu na Mkurugenzi wakitofautiana, la Kaimu ndilo."

"Mzee, huyu Kaimu ni nani hasa?"

"Yeyote anayekaimu. Mimi siangalii sura za watu."

"Haya. Na nani ataruhusiwa kubadilisha masharti haya?"

Swali hilo lilimtoa Sosthenes kwenye kiti. Akazunguka meza. Mkurugenzi asiruhusiwe, atayafuta siku ya kwanza. Dodoma wasiruhusiwe, watamwonea huruma mtu wao. "Weka mwananchi," akasema.

"Mwananchi gani? Mfumo haukubali jambo la jumla jumla. Unataka mtu, na nywila yake."

"Nywila?"

"Paswedi, mzee."

"Aa. Basi mpe yule bibi wa Kilolo. Hata simu ya kugusa hana."

Kazi ikafungwa, nakala ikapelekwa Dodoma, na Sosthenes akala maandazi yake kwa amani. Hakupata uthibitisho, ni kweli, lakini alikuwa ametengeneza nchi ambayo Kaimu ana raha kuliko Mkurugenzi, na ni watumishi wachache wanaoweza kujivunia jambo kama hilo.

Uzinduzi ulifanyika Nyololo, mwezi wa sita, ukungu umelala barabarani hadi malori yanapita yamewasha taa. Kwaya ilikuwepo. Watu wa Kilolo waliletwa na lori, Bibi Marta akiwa mbele kabisa kwa sababu Tumpe alimfuata mwenyewe mpaka nyumbani, akampa na nywila yake. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Liberatus, mkubwa kutoka Dodoma, alishuka kwenye gari na kisuti chepesi. Meno yake yalikuwa yanagongana kwa sauti ya kutosha kusikika kwenye kipaza sauti.

Sosthenes alisimama kando, kanyoosha shingo, anamsubiri mtu wa Dar ashuke naye ili ampe pole huku akiiita "karibu sana". Hakushuka mtu. Mlango wa gari ukafungwa.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alianza, "sisi tulimteua mtu kutoka Dar awe Mkurugenzi wenu. Tukampa mahitaji ya mfumo asome. Akafika kwenye ukurasa wa Mkurugenzi, akaugua palepale. Tukateua mwingine, naye akaugua. Wa tatu aliugua aliposikia anatafutwa."

Watu wakacheka. Sosthenes naye alicheka, tena kwa nguvu, maana mambo yalikuwa yanamwendea kuliko alivyoomba.

"Ndipo tukajiuliza: ni nani huyu aliyemwandikia Mkurugenzi mzigo mzito namna hii, huku anajua fika kwamba anayestahili kuubeba ni yeye mwenyewe? Jamani, huo ndiyo uzalendo! Ndugu Sosthenes, njoo hapa mbele. Kuanzia dakika hii, wewe siyo Kaimu tena. Wewe ni Mkurugenzi!"

Vigelegele! Anjela alirusha khanga juu, kwaya ikamzunguka, "Mama Mkurugenzi! Mama Mkurugenzi!" Na Sosthenes, tuseme ukweli, alisahau kila kitu. Alisikia neno zima, peke yake, halina kitu mbele, likaingia masikioni likateremka mpaka kwenye soksi. Machozi yakamtoka. Akaenda mbele akicheza mwendo wa kwaya, na Tumpe akamletea kishikwambi, kile ambacho watu wote wanakiita tableti.

"Mzee," Tumpe alimnong'oneza, "una uhakika?"

"Binti, neno hili nimelisubiri maisha yangu yote!"

"Mimi nasemea kidole."

Kidole kilikuwa kimeshagusa.

Mlango wa ghala ukafunguka wenyewe, watu wakasema "Aaah!" na sauti tamu ya kike ikatoka kwenye spika: "Karibu, Mkurugenzi. Majukumu yako yameanza."

Hapo ndipo akakumbuka. Jasho lilimtoka paji la uso, pale Nyololo, mwezi wa sita, kwenye ukungu. Mamlaka haikuwahi kurekodi jambo kama hilo. Akajifanya anakwenda kumsindikiza Mheshimiwa kwenye gari. Mguu mmoja ulipovuka geti, king'ora kikalia mpaka kuku wa jirani wakapanda juu ya bati. Wananchi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya ratiba.

"Mfumo makini sana huu," alisema Mheshimiwa, akirudishwa nyuma na mshtuko. "Sasa, Kaimu wake ni nani? Hili gari la ofisi haliwezi kubaki bila mtu wa kukaa nalo."

Mkono ukanyooka kutoka kwenye usukani. "Mheshimiwa, mimi ndiye ninayekaa nalo kila siku."

"Jina?"

"Philbert."

"Kaimu Mkurugenzi Philbert! Makofi kwake!"

Philbert akashuka, akazunguka, akakaa kiti cha nyuma, akakunja nne. Akasubiri gari liondoke. Baadaye akashuka tena, akarudi mbele.

Sosthenes hakukata tamaa, ndiyo maana alifika alipofika. Alikohoa, akashika kipaza sauti. "Wananchi, mablanketi mmeyaona kwa macho. Kuhusu ugawaji, tutaunda kamati ndogo itakayo..."

Kioo cha gari kikateremka. "Gawa, bosi."

"Philbert, kuna utaratibu!"

"Tumetofautiana?"

"Tumetofautiana sana!"

"Basi gawa."

Na mfumo, kwa sauti yake ileile tamu, ukathibitisha kwamba la Kaimu ndilo. Mkurugenzi akagawa. Robota moja baada ya lingine, kidole kikisomwa kwa kila mtu, akina mama wa Kilolo wanapokea huku wanaimba, akina baba wananusa blanketi kama mkate mpya. Mheshimiwa naye alipanga foleni, akachukua lake, akajifunika mpaka puani, akaondoka zake Dodoma bila hotuba ya kufunga.

Ilipofika zamu ya Bibi Marta, Sosthenes hakuliachia blanketi upesi. Alilishika upande mmoja, bibi kashika mwingine.

"Mama, kamwene."

"Kamwene, mwanangu. Hongera kwa cheo."

"Asante. Mama, ni wewe peke yako unayeweza kubadilisha haya masharti. Bonyeza hapa tu. Hili la kulala ghalani. Na hili la maji. Anza na la maji."

Tumpe akamshikia kishikwambi. Bibi Marta akakiangalia, akakigeuza, akakiangalia nyuma, akakirudisha.

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako!"

"Aka! Mwanangu, jambo kubwa hivi mtu mmoja haamui. Kilolo tupo wengi. Nitapita nyumba kwa nyumba, kila mtu aseme lake, ndiyo tukae tuone. Wengine wako shambani, wengine wameolewa Mufindi, itabidi tuwafuate. Mjukuu wangu huyu wa Mbeya atanisaidia kuandika, eti mama?"

"Ndaga, bibi," Tumpe akashukuru kwa Kinyakyusa. "Tena tusiruke mtu."

"Mama!" Sosthenes alisogea hadi kwenye geti, vidole vya miguu vimegusa mstari, king'ora kikaanza kuguna. "Mama, mtamaliza lini?"

Bibi Marta alikuwa anapandishwa kwenye lori. Akalivuta blanketi lake mabegani, akalikunja vizuri kifuani, akageuka kumwangalia kwa huruma yote aliyonayo.

"Baridi ikiisha, mwanangu."