Kumi na Saba kati ya Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Kazi ya reli ya ngazi ya Mwalimu nimeipata mimi! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kobe, ameikosa. Karakana yake inatazamana na yangu. Nilifunga mlango asione ninavyocheka. Halafu nikaufungua, maana nilitaka aone.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuandika. Hata shajara hii ni amri yake tangu darasa la tano: andika ulichofanya, utajiona. Sasa macho yanamwacha. Mwanga anauona, sura za watu hapana. Ngazi za ndani kwake zina vidato kumi na viwili, na kona kwenye kidato cha saba, na hakuna pa kushika. Binti yake amesema wazi kwamba Jumamosi ya tarehe 15 akikuta hakuna reli, anamhamishia mama yake kwake, ghorofa ya nne, na nyumba inafungwa. Mwalimu aliniambia hilo kwa sauti ya kawaida, kisha akaongeza: "Nyumba hii naijua kwa miguu. Ya binti yangu nitaijua kwa kujigonga."

Anataka majani ya chuma yapande na reli mpaka juu. Nimehesabu viungo arobaini. Kobe aliomba siku nane, achomelee kwa gesi na kijiti cha shaba, kiungo kimoja kimoja. Mimi nikasema nne. Mwalimu akauliza kwa njia gani. Nikajibu ya kisasa. Ni ipi, nitajua kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa juu ya ndoo asubuhi nzima nikifikiri. Njia ni tatu. Umeme na vijiti: naijua, inashika kama kupe, lakini moto wake ni mkali na majani ni membamba. Gesi na shaba: laini, nadhifu, na ya Kobe. Kwa hiyo haifai. Mashine ya kuchomelea kwa waya: ya kisasa, na sina.

Fundi Mageti wa pale kona anayo. Nikamwendea kwa hekima. Nikamwambia mashine za aina ile zikikaa bila kazi hupata unyevu, nami kwa hisani yangu naweza kuipa mazoezi. Alicheka hadi akakaa chini. Akanipa, lakini niirudishe kesho jioni.

Mke wangu anasema ningemuuliza kaka yake tu. Nikamwambia kuuliza si ujinga, ila inategemea unamuuliza nani.

Jumatano, 5 Machi

Mashine nimeitoa nje, barabarani, ili Kobe aione vizuri. Kosa! Leo kuna upepo. Ile hewa inayotoka kwenye mashine kulinda kiungo ilipeperushwa yote, na viungo vikajaa matundu kama sifongo.

Kobe alivuka barabara, akainama, akatazama. Akasema kwa upole wake ule unaoudhi kwamba njia hii haipatani na upepo, niingie ndani. Nikamjibu kwamba upepo ni sehemu ya njia yenyewe. Kusema kweli sikuwa najua. Ningeingia ndani mara moja, lakini baada ya kauli ile ingeonekana nimemtii. Nilibaki nje mpaka saa kumi, nikaharibu viungo kumi na vinne.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwenye vijiti vyangu. Majani tisa yametoboka. Nikayaziba. Kila nilipoziba palibaki vipele vya chuma, na kila nilipokwangua kipele jani lilitoboka upya. Mchana sikula.

Halafu, wazo! Puti! Ile wanayopaka wanyooshaji wa bodi za magari. Nimepaka, nimepiga msasa, nimetia rangi nyeusi mara mbili. Ukisimama hatua tatu, huwezi kujua. Nimesimama hatua tatu mara nyingi sana.

Mke wangu naye alisimama hatua tatu, akasifu. Kisha akauliza kama kwa chini nako nimemaliza. Ukoo ule una maswali! Nikamuuliza nani atainama kutazama chini ya reli.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulifunga reli saa tatu. Mwalimu hakuitazama kabisa. Aliweka mkono juu yake, na vidole vikajikunja kwa chini. Miaka yote hii ya kutengeneza reli, sikuwahi kufikiri kwamba mkono unapoishika reli vidole hupita chini. Kule ambako sikupaka kitu.

Akaomba chaki kutoka kwenye droo. Akapanda polepole, kidato kwa kidato, mimi nyuma yake kama mtuhumiwa. Kila alipokuta kiungo kibovu alichora mkasi, ile X ya kosa. Kwenye kiungo cha tisa puti ilibanduka chini ya ukucha wake. Akaisaga kati ya vidole, akainusa. Kwenye cha ishirini na moja alishtuka kidogo, akafumba ngumi. Kidole kilikuwa kimechanwa na kinatoka damu, naye alikificha ili nisione. Nikaona.

Juu kabisa akageuka. Akasema, "Kumi na saba kati ya arobaini. Ulikuwa hivi hivi darasani. Mwandiko mzuri, hesabu za kunakili." Akanirudishia chaki na kuniambia nirudie.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa navaa kaptura ya shule. Angenigombeza ningepata cha kujibu. Nimebeba reli yangu mpaka nyumbani ikiwa na mikasi ishirini na mitatu, na watu walisimama kuisoma.

Jumapili, 9 Machi

Sikufanya kazi. Nilifumba macho nikazunguka nyumba yangu kwa mikono. Mlango una ukali pembeni. Kitanda kina kipele pale ninapoegemea kila siku. Nikafika kwenye meza niliyomtengenezea mke wangu tulipooana. Mguu mmoja umefungwa kitambaa, na miaka kumi na moja nimekuwa nikidhani ni pambo. Nikakifungua. Chini yake kuna ncha ya chuma inayoweza kuchana gunia. Kumbe amekuwa akiokoa nguo zake, na hajaniambia hata siku moja.

Alasiri nilivuka barabara. Sikuomba. Nilimwambia Kobe kwamba nimeamua kumruhusu aniazime gesi. Akanivutia kigoda.

Nikamuuliza alijuaje kwamba gesi ndiyo itakayofaa. Akasema hakujua, alimuuliza tu Mwalimu ni nani atakayeitazama reli hiyo. Mwalimu akamwambia hakuna, itashikwa tu. Akachagua njia ya mkono. Mimi sikumuuliza Mwalimu kitu. Nilimweleza tu.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu kwa Kobe. Tumekata viungo vibovu vyote, tumesafisha mpaka chuma kikang'aa, sasa tunaunga kwa shaba. Unapasha moto taratibu, unagusa kijiti, na shaba inaingia yenyewe kwenye mwanya, kama maji yanayojua njia. Ukiharakisha inakataa. Baada ya kila kiungo Kobe ananifumbisha macho nipitishe vidole, juu na chini. Nikisita mahali, tunarudia.

Hatuongei sana. Leo saa sita amesema kiungo changu kimoja kimekaa vizuri. Nilifurahi kupita kiasi, nikajifanya natafuta koleo.

Nimeanza kufikiria jinsi ya kuueleza mtaa kwamba ni mimi ninayemfundisha.

Ijumaa, 14 Machi

Reli imefungwa tena, na binti anakuja kesho. Mwalimu akapanda, mkono juu, vidole chini. Chaki alikuwa nayo mfukoni. Vidato sita, bila mkasi. Kwenye cha saba akasimama.

Pale kwenye kona, kwa chini, kulikuwa na kipele cha kijiti changu cha zamani. Tulikipita wote wawili. Kobe akatoa tupa mara moja. Mwalimu akaufunika ule mkono wa tupa kwa mkono wake.

"Hiki kiacheni," akasema. "Kitaniambia kona imefika."

Akapanda mpaka juu peke yake, akageuka, akashuka. Kwenye kona kidole chake kiligusa kipele na miguu ikakunja njia bila kusita. Hakuna aliyemshika. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anatuuliza habari za nyumbani huku akishuka. Nililia kidogo. Naandika kwa sababu aliamuru niandike kila kitu.

Alama akatoa thelathini na tisa kati ya arobaini.

Jumamosi, 15 Machi

Binti alifika na sanduku kubwa la kupakia. Akabisha hodi. Mimi na Kobe tulikuwa ng'ambo ya barabara tukijifanya tunapima dirisha. Mlango ulifunguliwa na Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa juu hodi ilipobishwa, akashuka peke yake. Binti alitazama ngazi, akamtazama mama yake, akaliweka sanduku chini. Jioni aliondoka nalo likiwa tupu, na Mwalimu alisimama mlangoni akampungia upande aliosikia hatua zake.

Kobe alinipa mkono. Nikaupokea. Mke wangu alituona, akaingia ndani haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari siku mbili, kwa makini, bila upendeleo. Reli ile ina viungo arobaini. Ishirini na vitatu ni vya gesi, njia ya Kobe. Je, Mwalimu alisema lolote juu ya hivyo? Hata neno moja. Alikipita kila kimoja kimya kimya. Kiungo kimoja tu ndicho alichokisimamia, akakitetea kwa mkono wake kisiguswe. Cha nani? Changu! Cha kijiti! Hiyo alama moja aliyopunguza bila shaka ni kuteleza kwa ulimi.

Kwa hiyo njia yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila ilitangulia wakati wake. Nimeandika kibao kipya, kinasomeka mpaka kwa Fundi Mageti: RELI ZENYE VIPELE VYA KUELEKEZA, KAZI YA SIKU TATU. Na tayari nimepata mteja! Zahanati inataka reli ya ukumbi wa wagonjwa. Ukumbi wenyewe umenyooka, hauna kona hata moja, lakini hilo si tatizo, nitaweka vipele kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Shemeji alivuka barabara, akasoma kibao mara mbili. Akaniuliza ni nani watakaoishika hiyo reli. Nikamwambia aache wivu, nikaenda kununua puti.