Majina Yetu Mawili Kwenye Kesi

Jumanne, 4 Juni
...na zaidi ya hayo, anaimba akikaanga mayai! Clint wangu. Wiki sita za ndoa na bado moyo unaruka. Tungekuwa tayari na nyumba yetu hapa Toledo, kama dalali wa hisa asingeziuza hisa zangu kwa hasara bila kuniuliza. Pesa zote za harusi zilikuwa humo. Leo nimeishtaki kampuni yake, Mahakama ya Shirikisho, bila wakili. Akaunti ni yangu peke yangu, lakini penye mdai nimeandika majina yetu mawili. Nina nini kisicho cha Clint? Karani kanifutisha kopa nililochora katikati.

Alhamisi, 6 Juni
Nimewapelekea watu wa kampuni hati za mashtaka mwenyewe, pamoja na pai ya pichi. Wamenishukuru sana. Watu wema!

Jumanne, 11 Juni
Pigo. Karani anasema mdai haruhusiwi kupeleka hati zake mwenyewe. Basi nikamtuma Clint. Karani akashusha pumzi, akaniuliza Clint ni nani kwenye kesi hii. Mdai! Mapenzi yameniponza. Clint kacheka, kanibusu paji la uso. Nimebarikiwa.

Ijumaa, 14 Juni
Asiye mdai kabaki mama mkwe tu, Darlene, ambaye tunaishi kwenye chumba cha chini ya nyumba yake. Niliogopa atakataa. Aliuliza tu kama tukilipwa tutahama, kisha akavaa kofia ya kanisani. Clint alimpeleka kwa gari, akasikia yote. Mama aliweka hati mezani kwao akasema, “Mimi kesi hii hainihusu. Ila hawa wawili wako chini ya sakafu yangu, na kila alfajiri wanaimba. Walipeni, jamani, wahame.”

Alhamisi, 20 Juni
Wamelipa! Senti zote, tufute kesi tu. Asante Mungu, asante Mama, asante hata kwa dalali. Aliyeleta hundi ni kijana mpole, Brent, anayeacha kazi pale afungue udalali wake. Alikula pai vipande viwili. Anasema nyumba inaweza kusubiri, hisa hazisubiri. Jinsi anavyoeleza! Nimemkabidhi hundi palepale. Safari hii akaunti ina jina langu, la Clint, na kwa shukrani, la Mama pia. Bado hajui, namtayarishia mshangao. Saini zao tu ndizo zimebaki, na nimemwahidi Brent tutafika ofisini kwake kabla mwezi haujaisha, wote watatu, na pai.