Ta ya Meno

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daktari wa Kizingo amenisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akakunja mipira yake ya kusikilizia bila kunitazama. Amesema moyo umechoka. Nimemwuliza umechoka kama mtu aliyetoka sokoni au kama mtu aliyemaliza kazi. Hakucheka. Nimeelewa.

Basi nitaandika ukweli hadi mkono ukatae. Nimefundisha Kiswahili tangu ujana. Sitaki kufa nimeacha insha katikati.

Haja yangu duniani imebaki moja: kumpakata mjukuu wangu Mwanakhamis. Ana miaka mitatu na jina la marehemu bibi yake, na kwa desturi yetu namwita mke wangu. Nyumbani hapakatiki. Anakimbia huku na huku, ukimshika anateleza. Garini tu ndiko hutulia. Hukaa mapajani mwangu, kichwa chake kifuani, na moyo huo uliochoka husahau kuchoka.

Jioni mkwe wangu amerudi kutoka bandarini na kiti. Kiti cha plastiki, cha kijivu, chenye mikanda kama ya rubani. Amekinunua kwa Mzungu anayehama. Amesema kuanzia leo mtoto atafungwa humo, kiti cha nyuma, kila safari, hata ya dukani. Kupakatwa, ati, si salama. Kupakatwa na mimi!

Kijana huyu ni mtu wa Bungoma. Aliposilimu akamwoa binti yangu Mwanarusi, ni mimi niliyempa jina la Jaffar. Ni mkwe mwema, sina la kumshutumu. Leo nimemwita Nicodemus, jina lake la zamani, jioni nzima.

Jumatano, 5 Juni

Shambulio la kwanza. Nimemfundisha Mwanakhamis alie akiwekwa kitini. Nimemwahidi kashata.

Amelia vizuri sana. Machozi, kamasi, miguu hewani. Mwanarusi akaanza kulegea. Jaffar akaanza kujikuna kichwa. Mara mtoto akanyamaza, akanigeukia, akauliza mbele ya wote: Babu, kashata yangu iko wapi?

Binti yangu alinitazama kwa jicho la mama yake. Akasema mzee mzima hana haya. Kashata akaila yeye.

Baya zaidi, mtoto amekipenda kiti. Kinachompendeza ni kifungo. Kikishika hulia "ta!" naye huitikia "ta!" Jaffar akishika usukani hageuki nyuma. Husubiri ile ta, ndipo atie gari moto. Bila ta, hatuendi.

Nimeisikiliza kwa makini. Ni ta ya meno. Sisi tuliozaliwa Mji wa Kale tuna t mbili: moja ulimi hugusa meno, nyingine hugusa ufizi juu yake. Watu wa bara wana moja tu, na hawajui kwamba wamekosa kitu. Mwanakhamis anazo zote mbili. Nimemfundisha mwenyewe.

Nimelala mchana nikitafakari jambo hilo. Kifungo kinaweza kusema ta. Mtu mwenye meno mazuri ya bandia anaweza vilevile.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Tulikuwa tunakwenda Kibokoni kwa dada yangu, chakula cha mchana baada ya sala. Jaffar kwenye usukani, Mwanarusi mbele ubavuni mwake na sufuria ya mchuzi mapajani, mimi nyuma na mtoto. Nilipewa heshima ya kumfunga. Nilipitisha mikanda mabegani mwake. Nikaviacha vyuma viwili vimekaribiana bila kushikana. Nikasema kwa ulimi: ta!

Jaffar akatia gari moto.

Ushindi! Tulipofika Buxton nilikuwa nimeshamtoa kitini. Mke wangu akaketi mapajani mwangu kama zamani. Nilimzungushia mikono yote miwili, nikafunga vidole. Nilijiambia kiti gani cha plastiki kitamshika mtoto kwa mapenzi haya?

Digo Road, karibu na Marikiti, mkokoteni wa machungwa ukachomoka kichochoroni. Jaffar akakanyaga breki. Hatukuwa tukienda mbio. Mtu wa miguu angetupita. Lakini mtoto alinitoka. Mikono yangu haikuamua kumwachia. Haikuulizwa. Nilikuwa bado nimefunga vidole, na ndani ya mikono hamkuwa na mtu.

Uso wake uligonga kiti cha mama yake. Damu mdomoni. Jino moja la mbele, la juu, liliokotwa sakafuni.

Mwanarusi alipiga kelele akamwaga mchuzi wote. Jaffar aliruka nje, akafungua mlango wa nyuma, akaona mtoto chini na mikanda imelegea. Akashika kichwa. Akasema, kifungo kimefunguka! Kifungo kimefunguka chenyewe!

Nilifungua mdomo niseme. Nikaufunga.

Jumamosi, 8 Juni

Mtoto yuko salama. Mdomo umevimba, jino halipo, uji anakunywa. Daktari amesema tungekuwa na mwendo zaidi kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Hakuyataja hayo mengine. Nami sikuuliza.

Mwanarusi hajamwacha mumewe apumue. Amemwambia amemkalisha mtoto wake kwenye mtumba wa Mzungu, na kwamba baba yake mzee, mgonjwa, alisema tangu mwanzo, na hakusikilizwa. Huyo baba mzee, yaani mimi, alikuwa pembeni akinywa chai. Chai ilikuwa chungu, na sukari ilikuwamo.

Jaffar amekitoa kiti garini akakitupa uani. Kuku wa jirani amekipenda.

Nimeshinda kabisa. Safari ijayo mtoto atapakatwa. Usiku kucha nimeona mikono yangu ikiwa mitupu.

Jumatatu, 10 Juni

Mwanakhamis amekuja kunisalimu. Amesema "ta". Haikuwa ta. Ulimi ulipita kwenye pengo ukatoka nje. Akajaribu tena, akanikasirikia mimi, kana kwamba ninalo jino lake mfukoni.

Nimeingia chumbani nikalia. Mtu wa umri wangu akilia hana pa kuficha, kila kitu kinamtikisa.

Adhuhuri nimepata habari nyingine. Jumamosi wanasafiri kwenda Bungoma, mama yake Jaffar anataka kumwona mjukuu. Kwa gari. Barabara yote ile ya malori. Nimeuliza mtoto atakaa wapi. Mwanarusi akasema, mapajani mwangu, wapi kwingine, kile kiti si kimetuonyesha?

Nimewaza breki moja ya Marikiti, polepole, mbele ya machungwa. Kisha nikawaza lori.

Lazima kiti kirudi garini. Lakini kirudi bila mimi kusema. Kwani lazima kila kitu kisemwe? Mtu anayekufa ana haki ya kufa akiheshimiwa na mkwewe.

Jumanne, 11 Juni

Shambulio jingine, safari hii upande wa kiti. Nimemfukuza kuku. Nimekiosha kiti mwenyewe, nikipumzika kila baada ya kufuta mara mbili. Nimeazima tikiti maji jikoni, kubwa, uzito wa mtoto. Nimelifunga kitini nikamwomba Jaffar tuzunguke Tudor kidogo, tujaribu kisayansi.

Alinitazama kwa huruma, akakubali. Hapo ndipo nilipoona alivyokonda.

Alikanyaga breki mbele ya msikiti, mbele ya shule, na mara moja mbele ya mbuzi ambaye hakuwa kwenye mpango. Tikiti halikutikisika. Mimi niligonga paji la uso. Nikapaza sauti, umeona? Kifungo kizima!

Jaffar akazima gari. Akasema polepole, Baba, leo kimeshika. Ijumaa pia nilisikia kimeshika. Niliisikia ta kwa masikio yangu haya. Kitu kinachosema kimeshika na hakijashika, nitakiaminije tena?

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nyuma ya meno.

Mwanarusi amelikata tikiti. Mimi sikuonja.

Alhamisi, 13 Juni

Nimesema.

Nilimwita Jaffar barazani baada ya alasiri. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu kuhusu udhaifu wa binadamu. Nilipofika kwenye neno udhaifu pumzi ikakatika, ikabidi niseme tu. Kifungo hakikufunguka. Hakikufungwa. Ile ta uliyoisikia ilikuwa mimi.

Hakuelewa. Akaniuliza mimi vipi. Ikabidi nionyeshe. Nikaweka ulimi mahali pake. Ta!

Akageuka kutazama nyuma yake, kutafuta kifungo kiko wapi.

Kisha akaelewa. Akakaa chini sakafuni, yeye na nguo zake za kazi. Nilimwambia anitukane, nitamsamehe. Akasema hanitukani. Akasema tangu Ijumaa amekuwa akijiona ni baba aliyemnunulia mwanawe kifo kwa sababu kilikuwa rahisi, na kwamba bandarini jana alishindwa kutia sahihi, mkono ulikataa. Kisha akasema, Mzee, mimi nilikuwa nakupenda kuliko baba yangu. Akasema "nilikuwa". Nimefundisha nyakati za vitenzi miaka yote hiyo, na sijawahi kuusikia wakati uliopita ukitumika vizuri namna ile.

Mwanarusi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakupiga kelele. Alinijia akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama kama mtu anayekagua vyombo. Akasema, Baba, mikono hii ilinilea. Lakini sasa ni mikono ya kuombea dua tu. Ukitaka kumpakata, utampakata kwenye kochi, nami nitamtuliza.

Na akamtuliza. Baada ya magharibi Mwanakhamis alikaa mapajani mwangu kwenye kochi, pengo wazi, akila kashata, mpaka akasinzia. Gari halikuhitajika. Ningeweza kuomba hilo tangu Jumatatu ile. Halikunijia akilini.

Kiti kimerudi garini. Jaffar akaongeza sharti. Kuanzia sasa na mimi nitafunga mkanda, kiti cha mbele, karibu naye. Atasubiri ta mbili kabla ya kutia gari moto, ya mtoto na ya babu. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimemwita Jaffar mara nne, mara moja bila sababu.

Nafsi yangu nyepesi. Nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 15 Juni

Wameondoka leo kwenda Bungoma. Mimi wameniacha Kibokoni kwa dada yangu, nitunzwe mpaka warudi.

Asubuhi tuliingia garini pale Tudor kabla jua halijachomoza vizuri. Mwanarusi nyuma na mtoto. Amemfunga mwenyewe, akavuta mikanda kuhakikisha. Ta! Kwa chuma, si kwa ulimi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilimaanisha.

Ikafika zamu yangu. Nilivuta mkanda ukapita kifuani. Ulinibana pale pale panapouma. Nikawaza: karibuni watanifunga sanda, kichwani, kiunoni, miguuni, na nitatulia, sitabisha. Lakini bado. Kutoka Tudor mpaka Kibokoni ni hatua tu. Mtu aliyekwisha kuungama, ambaye hampakati mtu, anamdhuru nani?

Nikashusha koti likafunika kifungo. Nikaushika ule ulimi wa chuma kwa mkono chini ya koti. Nikatazama mbele kama mcha Mungu.

Nikasema: ta!

Jaffar akashika ufunguo.

Kutoka nyuma ikaja sauti nyembamba, yenye kitembe cha pengo. Bado, Babu.

Jaffar akasita. Nikakohoa, nikasema tena, kwa bidii zaidi. Ta!

Bado, Babu. Hiyo si ta ya kifungo.

Ndipo nilipopitisha ulimi mdomoni nikagundua. Meno yangu yalikuwa ndani ya gilasi, kando ya kitanda. Nilikuwa nagonga ufizi mtupu, na katika gari lile mtu mmoja tu alijua tofauti. Nimemfundisha mwenyewe.

Jaffar aliinua koti langu kwa vidole viwili. Alinifunga kama anavyomfunga mwanawe, akavuta mkanda kuhakikisha. Ta. Mwanarusi alitazama dirishani, mabega yakimtikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Mtoto akapiga makofi.

Kabla ya kuondoka Mwanarusi aliingia ndani kuyachukua meno. Kibokoni mke wangu alinibusu mkono, wakaondoka. Nilisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Kifua kinauma leo, kuliko siku zote. Dada yangu anasema nilale.

Wakinikuta hai, nitakuwa nimevaa meno.